Kidole cha Shahada

Wakili Kadzo aliniambia: lete risiti.
Nikacheka, wallahi nilicheka,
mle ofisini mwake Malindi, juu ya duka la vipuri,
feni ikisaga joto bila kulimaliza.
Risiti ya nini, mwanangu?
Kofia ya vito hula miezi mitatu.
Mnunuzi huja nyumbani na fedha mfukoni,
huigeuza aone kama nyuma ni safi kama mbele,
hulipa, huivaa, huenda zake Maulidini.
Nani Langoni aliyewahi kukiandikia kichwa risiti?

Akanyamaza. Akaandika kitu.

Ilikuwa homa tu.
Kliniki mpya, vigae vyeupe, kijana wa koti jeupe
simu kaibana begani, anaongea na mtu.
Dawa ya kudungwa kwenye nyama akaitia mshipani,
tena mshipa upelekao damu vidoleni, si ule uirudishao.
Nilipiga ukelele. Akasema, mama, sindano ni sindano.

Sindano ni sindano!
Miaka thelathini na mmoja nimeishi na sindano
haikunichoma ila nilipostahili.

Usiku vidole vikawa baridi,
asubuhi rangi ya zambarau,
siku ya tano mkaa.
Mombasa wakakata vitatu vya katikati.
Wakaniachia gumba na kile kidogo,
jirani wawili wasiofikiana.

Faili liliporudi lilikuwa na mwandiko mgeni:
*mgonjwa ana kisukari cha muda mrefu.*
Mimi, wa chai ya vijiko vinne!
Damu ikapimwa mara tatu, haina kitu.
Uongo nao ni ushoni; aliyezoea uzi
huliona fundo lilipofungiwa.

Akaja bwana wa bima na bahasha ya kaki.
Laki nne. Na chini kabisa, herufi ndogo kama vito:
*malipo haya si kukiri kosa.*
Nikamuuliza, kama hakuna aliyekosa, wanilipa nini?
Sadaka? Akaitazama bilauri ya maji tuliyomwekea.
Hakunywa.
Kaka yangu Bwanamkuu akasema chukua, Barke,
mimba ina miezi tisa, kesi haina.
Kweli haina. Ilikwenda miaka sita.

Kumbe vitabu vya mahakama vina makaburi ya viungo,
kila kimoja na bei yake:
mguu wa mvuna chumvi, jicho la mchomelea vyuma,
tumbo la uzazi la mwalimu mmoja wa Hola.
Vyangu vikawekwa kando ya vyao, vikapimwa,
huku punguza, huku ongeza.

Wakili wa kliniki akasema: shahidi aonyeshe mkono.
Nikauinua.
Kwa hiyo kalamu unaweza kuishika?
Ndiyo bwana, naishika, kama kaa.
Ila kwenye tahiyatu, nifikapo pale pa kushuhudia,
hakiinuki kitu. Mwenye kazi hayupo.
Nashuhudia kwa pengo.
Karani akaacha kuandika.
Jaji akamwambia: andika.

Hilo halikuwekewa bei.
Vidole, kiasi. Maumivu, kiasi.
Kofia, sifuri, kwa kukosa risiti.
Ikafika milioni moja na laki nane, na riba,
na Kadzo akachukua chake, halali yake,
alinibeba miaka sita kwa imani tu.
Nimeezeka upya, nimelipa madeni,
zilizobaki ziko benki na sizisikii.

Hukumu ina kurasa ishirini na tatu.
Mjukuu wangu Nasra amechoka kunisomea wa kumi na tisa,
penye neno moja, *walizembea*.
Soma tena, namwambia.
Bibi, ni lile lile.
Soma.

Nimeanza kushona kwa mkono wa kushoto.
Jana nilitoa kito kimoja, kimepinda.
Leo nimekifumua.